Bima ya ndege ndogo: anayepimwa ni rubani, ndege inafuata nyuma

Mtu akishaamua kununua ndege ndogo utamkuta anauliza kila kitu, injini imebakiza masaa mangapi kabla ya kufunguliwa, redio ni za mwaka gani, rangi imepigwa lini, ila bima anaiacha mwisho kabisa. Sasa anakuja kuambiwa kwamba kwa masaa aliyonayo kwenye logibuku (daftari la kumbukumbu za kuruka) hakuna kampuni itakayomkatia ile ndege, au watamkatia lakini kwa bei ya kumtoa jasho, na hela ya muuzaji ameshalipa. Kwa hiyo huo mpangilio ugeuzwe: unampigia broka wa bima kwanza, unamtajia modeli unayoitaka na masaa yako, akikujibu ndo unaenda kuangalia ndege.

Sababu ni moja tu na ukiielewa mengine yote yanakaa sawa. Kwenye bima ya gari tumezoea kwamba ukishalipia, mdogo wako au shemeji yako mwenye leseni akiendesha haina shida. Ndege siyo hivyo. Mkataba wa ndege unaandika kabisa nani anaruhusiwa kuirusha, awe na leseni gani, masaa mangapi kwa jumla na mangapi kwenye aina hiyo hiyo ya ndege, na asiyetimiza hayo akiruka ni kama bima haipo. Kampuni inapima mtu kwanza, chuma baadaye.

Ndo maana fomu ya maombi imejaa maswali kukuhusu wewe: jumla ya masaa, masaa ya miezi 12 iliyopita, siku 90 zilizopita, una reitingi ya kuruka kwa vyombo (ruhusa ya kuruka kwa kufuata vipimo vya ndani bila kuona nje) au huna, umewahi kupata ajali au kuadhibiwa na mamlaka ya anga, umri wako, unaruka kwa starehe tu au na safari za kazi zako. Ndege yenyewe wanauliza modeli, thamani, inalala kwenye hanga au nje, basi.

Chukua mtu ambaye leseni yake haijakauka wino, ana masaa 80. Akitaka Cessna 172 hapati tabu sana, maana hiyo ndege inatengenezwa tangu miaka ya 1950, zimeshatoka zaidi ya 44,000, vipuri vipo, mafundi wanaijua, magurudumu yake hayakunjwi na haina makeke angani. Huyo huyo akitaka Beechcraft Bonanza, yenye mbio na magurudumu ya kukunja, andaraita (yule mtu wa kampuni anayeamua kukukatia au kukukatalia) anaanza kukunja uso. Magurudumu ya kukunja peke yake yanawapa hasara za kila mara kwa sababu kuna marubani wanasahau kuyashusha wakati wa kutua, mara nyingi hakuna anayeumia lakini propela inapiga lami, injini inabidi ifunguliwe yote, tumbo la ndege linachanika, bili ndefu kwelikweli. Ndege za gurudumu la mkia nazo zina lao, zinapenda kugeuka ghafla zikiwa bado kwenye runwei na bawa linagusa chini. Injini mbili, ni hadithi nyingine tena.

Wakikubali kukukatia ndege iliyokuzidi kidogo wanaweka masharti. Kwa mfano, uruke masaa 10 na mwalimu anayeijua hiyo modeli, halafu masaa 10 peke yako kabla hujapakia abiria yeyote. Watu wanasoma hiyo sentensi haraka haraka wanasaini. Ila hebu iangalie vizuri, maana yake ukifika saa ya 7 ya peke yako ukamchukua rafiki mkazunguka dakika 20 tu, hizo dakika 20 unaruka bila bima, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Kitu cha kukuumbua ni logibuku, baada ya ajali.

Sasa kile kifungu cha marubani chenyewe. Kina sehemu mbili. Kuna majina yaliyotajwa, wewe na labda mwenzako mliyenunua naye, halafu kuna kifungu cha wazi kinachosema rubani mwingine yeyote anaruhusiwa ila awe na, tuseme, masaa 500 ya jumla, 100 ya magurudumu ya kukunja na 25 kwenye modeli hiyo. Wengi wanaona kifungu cha wazi wanasema safi, nikimpa jamaa yangu ndege naye kakaviwa. Hapana! Kile kifungu kinamlinda mwenye ndege. Jamaa akiibamiza, kampuni inakulipa wewe ndege yako, halafu ina haki ya kumgeukia jamaa na kumdai ile pesa waliyokulipa. Yaani ulimpa ndege kwa roho safi na kampuni yako ya bima inampeleka mahakamani. Hata kutajwa jina kwenye orodha ya marubani hakutoshi mara zote, kuna tofauti kati ya aliyetajwa kama rubani aliyekubaliwa na aliyetajwa kama mkatiwa bima, na hiyo tofauti ndo inaamua nani anadaiwa na nani analindwa. Kama kuna mtu anarusha ndege yako mara kwa mara, omba aongezwe kama mkatiwa, au angalau yaandikwe maneno kwamba kampuni haitamgeukia yeye. Broka anajua cha kuandika, wewe ni kuomba tu.

Mwalimu naye ni hivyo hivyo. Anayekufundisha kwenye ndege yako asidhani bima yako inamlinda yeye binafsi, mara nyingi haimlindi, na walimu wenye uzoefu wanauliza hilo swali kabla hawajafunga mkanda.

Twende kwenye pesa zenyewe. Bima ya ndege ina mifuko miwili. Mmoja ni wa madhara unayowafanyia watu wengine, abiria wako, watu walioko chini, nyumba, ndege nyingine. Wa pili ni wa ndege yako mwenyewe. Watu wanaweka akili yote kwenye mfuko wa pili kwa sababu ndege wanaiona pale imepaki inang'aa, na huu wa kwanza wanaupitia juu juu, wakati huu wa kwanza ndo unaoweza kukuchukulia nyumba.

Marekani mkataba unaoonekana sana kwa marubani binafsi unaandikwa dola milioni 1 kwa tukio, halafu pembeni kwa herufi za kawaida tu, dola 100,000 kwa kila abiria. Mtu anakumbuka ile milioni. Ajali ikitokea, abiria mmoja akafariki, familia yake ikashinda kesi ya dola 700,000, kampuni inalipa 100,000 inanawa mikono, na 600,000 zilizobaki zinatafutwa kwako, au kwenye mirathi yako kama na wewe hukutoka. Ile milioni ilikuwa ya nani sasa? Ya walioko chini, ambao kwa takwimu za ndege ndogo ni mara chache sana wanaguswa. Wanaoumia ni wale unaokaa nao ndani, mke, mume, watoto, marafiki.

Na hapo hapo kuna mtego mwembamba zaidi. Mikataba mingine inasema kile kiwango kidogo (kama zile 100,000) ni kwa kila abiria, mingine inasema kwa kila mtu. Neno moja tu. Ikisema kila mtu basi hata aliyekuwa analima shamba lake ukamwangukia, naye anaingia kwenye kile kiwango kidogo. Ukilinganisha bei za kampuni mbili na moja ni rahisi kwa namna isiyoeleweka, anza kutafuta hilo neno. Kuna pia kava isiyo na kiwango kidogo ndani, milioni ni milioni kwa yeyote, hiyo ndo nzuri kuliko zote ila rubani wa masaa machache ataisikia tu, wanawapa wenye uzoefu, na kwa ndege ndogo zenye siti chache. Maoni yangu, ukiweza kuipata ichukue hata kama itabidi upunguze kwingine. Faida nyingine ya mfuko huu ambayo watu hawaihesabu ni mawakili, kampuni ndo inawalipa kukutetea, na kesi za ndege zinakula mawakili kweli.

Kisheria inategemea unaruka wapi. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 785 ya mwaka 2004 inayolazimisha kila ndege iwe na bima ya watu wengine kufuatana na uzito wake wa juu wa kupaa: chini ya kilo 500 ni SDR 750,000, chini ya kilo 1,000 ni SDR milioni 1.5, chini ya kilo 2,700 ni SDR milioni 3. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, usiumize kichwa nacho, broka atabadilisha. Ile Cessna 172 ina uzito wa kilo elfu moja na mia na kitu, kwa hiyo iko kwenye hiyo milioni 3. Abiria ni SDR 250,000 kila mmoja, ila kwa ndege za chini ya kilo 2,700 zisizo za biashara nchi inaruhusiwa kushusha mpaka 100,000. Marekani kwa upande wake serikali kuu haimlazimishi rubani binafsi kukata bima kabisa, ni baadhi ya majimbo tu, japo benki ikikukopesha itakulazimisha, na viwanja vingi havikupi hanga bila karatasi ya bima. Ukivuka mpaka ndo uangalie sana, mkataba una ramani yake, na Mexico kwa mfano inataka bima ya watu wengine inayokubalika kwa sheria zake.

Mfuko wa pili, ndege yenyewe. Hapa thamani mnakubaliana mwanzoni na inaandikwa, ndege ikiisha kabisa unalipwa hiyo hiyo, hakuna kubishana soko linasemaje. Inasikika vizuri na watu wakishasikia hivyo wanaanza ujanja, wanaandika thamani ya chini ili walipe kidogo. Tufanye hesabu. Ndege sokoni ni dola 90,000. Umeikatia 60,000. Umetua bila magurudumu, fundi anasema 48,000 kuirudisha. Wewe unaona 48 ni chini ya 60 watatengeneza tu. Kampuni inapiga hesabu yake: nikitengeneza natoa 48,000, nikimlipa 60,000 yake nikachukua mabaki nikauza 25,000, nimetoa 35,000. Wanakulipa 60,000, wanaondoka na ndege yako. Ilikuwa inatengenezeka, ulikuwa unaipenda, na kwa hela waliyokupa huwezi kununua nyingine kama hiyo. Baada ya miezi unaiona inauzwa na mtu mwingine.

Ukienda upande wa pili ukaikatia 130,000 ili ukianguka utajirike, nayo inakurudi. Uharibifu wa 85,000 kwenye ndege ya 90,000, mwenye akili angeiacha. Lakini kampuni ikilipa 130,000 na kuuza mabaki 25,000 inatoa 105,000, kwa hiyo kutengeneza kwa 85,000 ndo nafuu kwao. Ndege yako inakaa kwa fundi mwaka, inarudi na historia ya ajali kwenye vitabu vyake, na siku ukiuza hiyo historia inakukata bei. Thamani sahihi ni ile ambayo leo hii ungeweza kununulia ndege ya hali hiyo hiyo, pamoja na hizo redio mpya ulizofunga juzi ukasahau kumwambia broka. Bei za ndege zilizotumika zinapanda na kushuka, iangalie kila unapohuisha mkataba.

Eksesi, yaani kile kipande unachobeba mwenyewe, kwa kawaida kimegawanywa, ndege ikiwa inatembea na ikiwa imesimama. Na unaweza kukata ya kusimama tu, moto wa hanga, mvua ya mawe, wizi, ukaacha ya kuruka. Mtu mwenye ndege ya bei ndogo ambayo anaweza kuipoteza bila kulia, au anayeitengeneza na haruki msimu huu, hiyo inamfaa.

Kuchakaa hawalipi. Silinda ikipasuka kwa uzee ni yako, tairi likiisha ni lako. Pale propela ikigusa chini, injini inafunguliwa kukaguliwa, na hapo ugomvi huwa hauepukiki: kampuni inalipa kufungua, kukagua na kilichoharibiwa na ule mgongano, ila fundi akishafungua anakuta na vitu vilivyochakaa kwa masaa 1,600 ya kazi, hivyo unalipa wewe. Ukijua mapema hutashtuka na bili ya upande wako.

Karatasi sasa. Cheti cha afya kimeisha juzi, ukaguzi wa mwaka wa ndege umepita wiki moja, mapitio ya rubani ambayo Marekani ni kila miezi 24 hujafanya, yote hayo yanawapa mlango wa kukataa kulipa. Kwenye baadhi ya majimbo ya Marekani kampuni inatakiwa ionyeshe kwamba hilo kosa ndo lililochangia ajali, kwamba kuchelewa ukaguzi kulihusiana na kilichotokea, kwingine haitakiwi, kosa lipo basi dai limekufa. Usitegemee bahati ya jimbo. Na kudanganya masaa kwenye fomu ni kujichimbia, ukiandika 300 wakati una 210 unapunguziwa kidogo leo halafu siku ya klemu (ukidai kulipwa) wanahesabu logibuku ukurasa kwa ukurasa na mkataba mzima wanaufuta.

Hela za abiria pia. Mkataba wa binafsi unakava starehe na safari zako za kikazi, haukavi kubeba watu kwa malipo. Kuchangia mafuta kunaruhusiwa sehemu nyingi, Marekani sheria inasema rubani asilipe pungufu ya mgao wake, mkiwa wanne basi robo ni yako lazima, na gharama zinazogawanywa ni mafuta, oili, ada za kiwanja na malipo ya kukodi ndege. Abiria wakikulipia yote na chai juu, umegeuka biashara machoni pa sheria, na bima inafuata sheria.

Wanaokodi ndege kwenye klabu au shule za urubani ndo nawaonea huruma zaidi kwa sababu wanaambiwa tu ndege ina bima. Ina bima ndiyo, ya mwenye ndege. Ukiharibu, unaweza kudaiwa eksesi yao, kampuni yao inaweza kukugeukia, na shule inaweza kudai mapato iliyoyakosa miezi ndege ikiwa kwa fundi. Kuna bima ya mpangaji, inakufuata wewe popote unapokodi, ina kipande cha watu wengine na kipande cha ndege ya watu uliyoiharibu, na ukilinganisha na bima ya kumiliki ndege bei yake ni ndogo. Kipande cha pili wengi wanachukua kiwango cha chini kabisa, kinatosha eksesi tu, wakati ndege wanayorusha ni ya mamia ya maelfu. Uliza shule kwa maandishi: eksesi yenu ni kiasi gani, na kampuni yenu imekubali kutowageukia wapangaji au la. Na usijifariji na bima ya nyumba au ile ya ziada ya dhima binafsi, nyingi zimeandika kabisa kwamba ndege hazimo. Hata bima ya maisha isome, nyingine hailipi vifo vya rubani asiye wa ndege za abiria.

Broka mchukue mmoja anayefanya ndege kila siku. Kampuni zinazokata ndege ndogo ni chache, na ukituma maombi kwa mabroka watatu kwa pamoja wote wanabisha hodi kwa andaraita yule yule, wa kwanza anapewa bei na waliobaki wanafungiwa, na wewe unaonekana msumbufu. Ukifika kwenye miaka ya 70 hivi bei inapanda na kampuni zinapungua, wengine wanataka mafunzo na vipimo vya kila mwaka, kwa hiyo anayefikiria kuhamia kwenye ndege kubwa zaidi kwa mara ya kwanza akiwa na umri huo amuulize broka kabla hajauza aliyonayo. Anayekaa na kampuni moja miaka mingi bila klemu huwa anavumiliwa zaidi.

Na likitokea la kutokea, watu wakishakuwa salama na mamlaka zimetaarifiwa, mpigie broka siku hiyo hiyo, piga picha, zuia uharibifu usiongezeke kama mvua inanyesha ndani, lakini usianze kutengeneza wala kuiuza kama mabaki kabla mtu wa kampuni hajaiona. Usikubali kosa kwa mdomo wala kwa meseji kwa yeyote aliyepata hasara. Watakuomba logibuku za ndege na za kwako. Toa kopi, na kama wanataka zile halisi wasaini kuzipokea, kwa sababu ndege iliyopotelewa na logibuku inashuka bei hata kama haijawahi kukwaruzwa.